Tamko kuhusu limfoma ya tumbo na kazi ya picha za tiba Kisii na Nyamira

Sisi, wanachama wa chama cha wataalamu wa picha za tiba tunaohudumu katika hospitali za umma, za misheni na za kibinafsi katika kaunti za Kisii na Nyamira, tukiwemo madaktari wa radiolojia, wapiga picha za eksirei na CT skani na wataalamu wa altrasaundi, tunatoa tamko hili kwa wananchi, kwa wahudumu wenzetu wa afya, kwa serikali za kaunti zetu mbili na kwa Wizara ya Afya.

Jambo lenyewe ni hili. Limfoma, saratani inayoanzia kwenye chembe za kinga za mwili, inapoingia tumboni huweza kuenea kwa njia zisizotarajiwa. Badala ya kubaki kwenye mitoki na wengu, hutanda juu ya viungo, hukaza utando unaovifunika na kujaza tumbo maji. Ikifika hapo hufanana mno na TB ya tumbo, na kwa mwanamke mzima hufanana na saratani ya ovari. Msimamo wetu ni kwamba tumbo lililovimba bila sababu inayoeleweka lipigwe picha siku ile ile mgonjwa alipofika mahali penye mashine, picha isomwe kwa makini, na zinapoonekana dalili za limfoma mgonjwa asianzishiwe dawa kwa kukisia wala asitolewe viungo kabla ya nyama au maji ya tumbo lake kupimwa.

Ugonjwa huu una historia ndefu Afrika Mashariki. Mwaka 1957 daktari mpasuaji kutoka Ayalandi, Denis Burkitt, akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alianza kuwafuatilia watoto waliovimba taya. Mwaka 1958 alichapisha taarifa ya watoto 38. Tangu hapo aina hii ya limfoma, inayoitwa kwa jina lake, imekumbukwa kwa picha ya shavu lililofura, na kumbukumbu hiyo imetuponza. Burkitt mwenyewe alieleza kwamba ndani ya matumbo ya watoto hao mlikuwa na uvimbe kwenye figo, ovari na ini. Shavu huonwa na jirani, na mwalimu, na mpita njia. Figo haionwi na yeyote mpaka mtu aiweke chini ya mashine, na mtoto aliyevimba tumbo pekee anaweza kupita zahanati tatu akipewa dawa za minyoo na za malaria kabla ya mtu kufikiria saratani.

Mwaka 1961 Burkitt na wenzake Ted Williams na Cliff Nelson walisafiri kwa gari kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, safari ya takriban kilomita 16,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Waligundua kwamba uvimbe huu hupungua sana penye mwinuko na baridi. Baadaye sababu mbili zilijitokeza: malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara, na virusi vya Epstein-Barr, ambavyo Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walivitambua London mwaka 1964 katika sampuli zilizotoka Uganda.

Hapa ndipo sisi wa nyanda za juu tunapojidanganya. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Wizara ya Afya inaziweka kaunti zetu katika eneo la malaria ya milipuko ya msimu, tofauti na Homa Bay na Migori ambako malaria ipo mwaka mzima. Kwa kuangalia ramani, mtu angedhani limfoma ya Burkitt ni shida ya watu wa ziwani. Lakini kutoka Suneka hadi Rongo ni mwendo mfupi wa matatu, na kutoka Marani au Nyamusi hadi Oyugis si mbali. Watu wetu wanauza ndizi na mboga katika masoko ya chini, wanaolewa huko, wanapeleka watoto kuishi na shangazi na kuwarudisha wakati wa kufungua shule. Mwaka 1997 na 1998, mvua za El Niño zilipoleta malaria kali milimani, tulijionea jinsi mwinuko usivyo ukuta. Tena zipo limfoma nyingine, hasa zile kali zinazowapata watu wazima wanaoishi na VVU, ambazo hazijali mtu anaishi juu au chini. Daktari wa Keroka au Ogembo asiifute limfoma kwenye orodha yake kwa sababu ya kimo cha mlima.

Tunaomba sasa tueleze kwa kirefu tunachokiona kwenye skrini, kwa kuwa makosa mengi huzaliwa hapo.

Limfoma ya tumbo kwa kawaida hutafutwa kwenye mitoki iliyo nyuma ya tumbo, kandokando ya aota, na kwenye wengu. Mitoki huvimba na kushikana ikawa rundo kubwa, huku mishipa ya damu ikipita katikati yake bila kubanwa, kama mto upitao kati ya vilima viwili. Saratani nyingine nyingi huibana mishipa na kuiziba. Limfoma huizunguka na kuiacha ipitishe damu. Kila aliyefunzwa kazi hii anaijua ishara hiyo. Shida huanza ugonjwa unapoiacha njia hiyo.

Utando laini unaovifunika viungo vya tumbo hauna tishu za limfu za kwake, na ndiyo maana wengi hawatarajii kuikuta limfoma pale. Hufika kwa kufuata mikunjo inayounganisha tumbo la chakula na utumbo mpana, na ule utumbo mpana na ukuta wa nyuma, hadi kwenye pazia la mafuta linaloning'inia mbele ya matumbo. Pazia hilo hunenepa na kuwa bamba gumu chini ya ngozi ya tumbo. Kwenye altrasaundi bamba hilo huonekana jeusi-jeusi na la namna moja kote, na maji hujikusanya pembeni mwa ini na kwenye nyonga. Anayepitisha kifaa haraka akitafuta wengu na mawe ya nyongo atalipita, kwa kuwa liko karibu mno na ngozi, mahali ambapo kifaa cha kuchunguzia ndani sana hakioni vizuri. Ndiyo maana tunawasihi wenzetu wabadilishe kifaa: baada ya kumaliza na kile cha mviringo, wachukue kile cha bapa kinachotumika kuangalia tezi na mishipa, wapite nacho tumbo zima polepole. Ni dakika tano za ziada. Katika hospitali nyingi kifaa hicho kipo, kimening'inia kando ya mashine.

Kwa watoto kuna mambo zaidi ya kutazama. Ukuta wa utumbo huweza kunenepa kupita sentimita moja, hasa upande wa kulia chini, utumbo mdogo unapokutana na mpana. Njia ya ndani mara nyingi haizibi, pengine hata hupanuka, kwa hiyo mtoto anaendelea kupata choo na wazazi wanaona hakuna hatari. Utumbo kuingia ndani ya utumbo ni jambo linalowapata zaidi watoto wachanga. Likimpata mtoto wa miaka sita au minane, ni lazima tutafute uvimbe uliousukuma. Figo zikivimba zote mbili kwa pamoja zikiwa na madoa meusi, fikirini limfoma kabla ya uvimbe wa Wilms, ambao kwa kawaida hukaa kwenye figo moja. Msichana mwenye ovari zote mbili zilizovimba, hata kama ana umri wa miaka saba tu, asirudishwe nyumbani na maneno kwamba ni uvimbe wa maji utakaoisha wenyewe.

Haraka hii ina sababu. Chembe za limfoma ya Burkitt huweza kuongezeka maradufu kwa saa 24 hadi 48. Hakuna saratani ya binadamu tuijuayo inayokimbia kuliko hii, na ni kwa sababu hiyo hiyo inasikia dawa upesi. Katika nchi tajiri karibu watoto tisa kati ya kumi wanaougua hupona. Kwetu idadi iko chini sana, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo hutokea kabla mtoto hajaonja tone la dawa: katika wiki za kusubiri, za kutafuta nauli, za kupangiwa tarehe. Mtoto anayeambiwa arudi baada ya mwezi hatakuwa na ugonjwa ule ule atakaporudi.

Kuhusu TB. Tunaheshimu kazi kubwa ya wenzetu wa kliniki za TB, na tunajua kwamba TB ya tumbo ipo hapa kwetu Gusii na inaua. Kwenye CT skani yenye dawa ya kung'arisha, mitoki ya TB mara nyingi huwa na katikati peusi na ukingo unaong'aa, na maji yake huweza kuwa na nyuzi-nyuzi zinazoonekana vizuri kwenye altrasaundi. Mitoki ya limfoma huwa mikubwa zaidi, rangi moja kote, na hukaa nyuma kando ya uti wa mgongo. Tofauti hizi zinasaidia, lakini hazitoshi. Tumeona picha ambazo kila dalili ilielekea upande mmoja, na majibu ya maabara yakaja ya upande wa pili. Nacho kipimo cha GeneXpert kwenye maji ya tumbo hukosa wagonjwa wengi wa TB, kwa hiyo majibu yake yasipoonyesha kitu hayatuambii kwamba TB haipo, na hayatoi ruhusa ya kuendelea kukisia. Mtu akipewa dawa za TB kwa miezi miwili ili ionekane kama atapata nafuu, ilhali ana limfoma, miezi hiyo imempotezea nafasi yake.

Kwa akina mama wazima kosa huenda upande mwingine. Maji tumboni, pazia la mafuta lililonenepa na uvimbe kwenye ovari husomwa kuwa saratani ya ovari, na mama hupelekwa chumba cha upasuaji kuondolewa kizazi na ovari. Ikiwa ni limfoma, upasuaji huo haukuhitajika hata kidogo. Tiba yake ni dawa, na kidonda kipya huichelewesha. Tunawaomba madaktari wa akina mama watutafute kabla ya kushika kisu. Sindano ya kuchukua nyama huongozwa na altrasaundi, mgonjwa akiwa macho, sehemu ndogo tu ikiwa imetiwa ganzi.

Yapo mambo mawili ambayo ni rahisi na bado yanakosewa kila siku. La kwanza ni maji. Tumbo likijaa, mgonjwa hutolewa maji ili apumue, na mara nyingi maji hayo humwagwa kwenye sinki. Katika limfoma ya Burkitt maji hayo huweza kuwa yamejaa chembe za ugonjwa wenyewe, na mtaalamu wa patholojia akiyapata mabichi siku ile ile anaweza kuutambua ugonjwa bila mtoto kupasuliwa. Yasimwagwe. Yapelekwe maabara, na fomu iandikwe wazi kwamba limfoma inashukiwa. La pili ni prednisolone. Dawa hii huandikwa kwa wepesi kwa mtu aliyevimba na kudhoofika, naye hupata nafuu kwa siku chache. Lakini inaisinyaza limfoma kiasi kwamba nyama ikichukuliwa baadaye haisomeki, na uvimbe mkubwa unapoyeyuka ghafla uchafu wake huweza kuzima figo. Isitolewe kabla ya sampuli kuchukuliwa na kabla ya mgonjwa kuwa chini ya uangalizi wa watu wanaojua kuzilinda figo hizo kwa maji na dawa.

Kwa upande wetu tunajifunga kwa haya. Ripoti ya altrasaundi isiyosema zaidi ya kwamba kuna uvimbe tumboni haitatoka tena mikononi mwa mwanachama wetu. Itasema uvimbe uko wapi, una vipimo gani kwa pande tatu, figo zote zikoje, ovari au korodani zikoje, ukuta wa utumbo una unene gani, utando na pazia la mafuta viko hali gani, maji ni kiasi gani na yana sura gani, na kama kuna maji kifuani pia. Tukishuku limfoma tutaandika neno hilo, na tutampigia simu daktari aliyemtuma mgonjwa kabla mgonjwa hajaondoka kwenye benchi. CT skani ya mtoto itapigwa kwa mionzi ya kiwango cha mtoto, figo zikiwa zimepimwa kwanza. Picha ni za mgonjwa: atapewa nakala aende nazo, ili asipigwe tena kila mji anaofika. Na tunapoomba ushauri kwa wenzetu wa mbali kwa simu, picha itaondolewa jina na namba ya mgonjwa, kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tumezoea kutumiana picha kwenye WhatsApp kwa nia njema. Nia njema haiondoi haki ya mtoto ya maradhi yake kuwekwa siri.

Tutamweleza mzazi kwa Ekegusii au kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza cha ripoti, tulichoona na kinachofuata. Wapo mong'ina, yaani akina nyanya, wengi wanaolea wajukuu peke yao, na ndio wanaowaleta hospitali. Wanastahili kuelezwa wakiwa wameketi, bila haraka.

Kwa serikali zetu za kaunti na Wizara ya Afya tuna madai. Mwaka 2015 mpango wa kitaifa wa vifaa vya tiba ulilenga hospitali 98, mbili kwa kila kaunti na chache za kitaifa, na kwa mpango huo mashine nyingi za picha zilifika mahali ambapo hazikuwapo. Tulishukuru, na tunashukuru. Lakini mashine ya altrasaundi bila mtu wa kuitumia usiku na siku za mapumziko ni samani. CT skani bila dawa ya kung'arisha haiwezi kutuonyesha ukingo wa mtoki wala ukuta wa utumbo. Sindano za kuchukua nyama zinapoisha, mgonjwa hutumwa kununua dukani, na asipopata anakwenda nyumbani. Tunataka vitu hivi vitengewe fedha kwa jina katika bajeti za afya za Kisii na Nyamira, na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii iwezeshwe kupokea sampuli kutoka Nyamira, Keroka, Ogembo, Nyamache na Tabaka kwa gari la kaunti, si kwa mkono wa mzazi ndani ya matatu.

Tunataka pia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya afya ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, itoe idhini ya CT skani na ya kuchukua nyama siku ile ile limfoma inaposhukiwa. Ugonjwa unaoongezeka maradufu kwa siku mbili hauwezi kungoja idhini ya wiki mbili. Wazazi nao tunawaomba wawaandikishe watoto wote kwenye bima hiyo sasa, wangali wazima; kutafuta cheti cha kuzaliwa mtoto akiwa wodini ni mateso yanayoweza kuepukwa.

Rufaa iwe njia moja inayojulikana. Kwa tiba ya saratani ya watoto tunatuma Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ile ambayo wazee wetu bado wanaiita Russia, au Hospitali ya Moi mjini Eldoret, au Kenyatta jijini Nairobi. Picha za PET zinapatikana Nairobi, katika hospitali za vyuo vikuu vya Aga Khan na Kenyatta. Ni muhimu kwa kupima kama limfoma imeisha, lakini asiwepo mgonjwa anayecheleweshwa kuanza tiba akingojea zamu ya PET umbali wa kilomita zaidi ya 300. Kituo cha saratani cha Kisii, ambacho watu wa Gusii wameahidiwa kwa miaka mingi, kikamilike, na kiwe na wadi ya watoto tangu siku ya kwanza.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilianzisha mpango wa saratani za watoto wenye lengo kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani wapone. Limfoma ya Burkitt ni mojawapo ya saratani sita zilizochaguliwa kupimia lengo hilo. Ugonjwa ulioelezwa kwanza katika ukanda wetu hauna sababu ya kuendelea kuua zaidi katika ukanda wetu.

Kwa wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba, na kwa waganga wa mitishamba ambao wengi bado huwaendea kwanza, ombi letu ni moja: mtoto ambaye tumbo lake limekua kwa siku au wiki chache, au aliyevimba taya, au meno yake yamelegea bila kuanguka, msimshike. Mtumeni hospitali yenye altrasaundi siku hiyo hiyo.

Nanyi akina mama, akina baba na nyanya wa Kisii na Nyamira: mkiona nguo ya mtoto imeanza kumbana tumboni huku mikono na miguu yake ikikonda, msingoje dawa ya minyoo ifanye kazi. Ombeni picha ya tumbo. Mkipewa majibu, ulizeni kama limfoma imefikiriwa, ulizeni maji au nyama itapimwa wapi na majibu yatatoka lini, na msiondoke hospitalini mpaka mjibiwe.